Godoro la Juu ya Paa

Inspekta alilisoma jalada mara moja tu, akalifunga kwa kishindo, na kikombe cha Mkuu wa Kituo kikaruka kidogo kwenye kisahani chake.

"Hakuna aliyemuuliza," alisema.

"Kumuuliza nani, nini?" Mkuu aliendelea kukoroga chai.

"Mtuhumiwa. Kasema, 'Nilipanda juu ya paa baada ya mvua ya mawe.' Basi, maelezo yakaishia hapo. Dole gumba, mahabusu, kufuli. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza alipanda kufanya nini."

"Fundi kapanda paa na nyundo, baadaye paa limeonekana limejaa mabonyeo ya nyundo. Ulitaka aulizwe kama alikwenda kuota jua?"

Konstebo aliyekuwa mlangoni akacheka. Inspekta alimtazama mpaka kicheko kikamkauka mdomoni.

Kesi yenyewe, kwa mtu asiyependa kuchoka, ilikuwa nyepesi kama pamba. Mji ule ulikaa chini ya mlima unaotema mvua ya mawe kila msimu, na mwenye nyumba aliyeweza kukata bima ya paa aliikata. Safari hii mvua ilipopita, alitokea kijana mcheshi mwenye pikapu na ngazi ndefu, akawa anapita nyumba kwa nyumba akikagua mapaa bure. Alipanda, akapiga picha, akapeleka madai kwa kampuni ya bima, na kampuni ilipolipa, yeye ndiye aliyeezeka bati jipya. Watu walimwita Bwana Ngazi. Wengi walimbariki. Ni nyumba moja tu iliyokwama: mkadiriaji wa bima alitazama picha zake akasema mabonyeo yale si ya mvua, ni ya kugongwa kwa mkono. Bwana Ngazi akaapa kwamba alilikuta paa hivyo hivyo. Na katika nyumba ile alikuwemo seremala, mtoto wa mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa. Nyundo anayo, ngazi anayo. Alikamatwa akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kesho asubuhi anapanda kizimbani," Mkuu alisema. "Usinivurugie kazi iliyokwisha. Na huyo Bwana Ngazi ni kijana mwema. Paa langu mwenyewe kanikagulia. Sasa nina bati jipya, linang'aa mpaka ndege wanaogopa kutua."

Inspekta alikuwa amekwisha kuliona. Kituo kizima kilikuwa kimepoteza alama yake ya kuelekezea wageni: "Ukifika paa la zambarau, kata kushoto." Mke wa Mkuu ndiye aliyeichagua ile rangi ya paa lao la zamani, na hakuna askari aliyewahi kuthubutu kuitania mbele ya mumewe.

Inspekta alichukua mfuko wa kielelezo uliokuwa na nyundo ya Randa, akatoka bila kuaga.

*

Mama yake Randa, bibi wa watu, alikuwa amesimama kwenye kizingiti kama komeo.

"Mmefuata na ngazi?" aliuliza. "Nyundo mmechukua, mtoto mmechukua. Kule nyuma kuna bati la akiba, bebeni basi, msione haya."

"Shikamoo, Bibi."

Bibi alikaa na ile salamu mdomoni kama mtu aliyepewa kitu kichungu na hawezi kukitema mbele ya watu.

"Marahaba. Lakini haifuti kosa."

"Haifuti. Nimekuja kutazama paa."

"Wametazama wengi. Wote walitazama wakiwa wamesimama pale barabarani."

"Mimi nitapanda."

Ndani, kikohozi kilipasua maneno yao. Kilikuwa kirefu, chenye maji. Bibi aligeuka haraka, na Inspekta akamfuata mpaka chumba cha uani. Babu, mumewe, alilala kitandani, upande mmoja wa mwili wake haukuwa na kazi tena tangu alipopooza. Kitanda kilisukumwa kutoka mahali pake pa siku zote. Alama za miguu yake zilikuwa bado sakafuni, na juu ya alama hizo sasa palikaa beseni. Dari ilikuwa imevimba na kuchora duara la rangi ya kutu.

"Ilianza kuvuja baada ya yote haya," Bibi alisema, akimfuta mzee kidevu. "Miaka yote paa hili halijanidondoshea hata tone. Mtoto aliyeliezeka mwenyewe mmemfunga, sasa nani alizibe?"

Inspekta alitoa kamera, akapiga picha ya dari, kisha akatoka nje.

Alianzia chini. Hivyo ndivyo alivyojizoeza tangu aanze kazi katika mji ule: paa lina kelele nyingi, lakini ukuta hausemi uongo. Aliizunguka nyumba taratibu. Upande wa mlimani, lipu ilikuwa imetobolewa tobolewa kama uso wa aliyeugua ndui, fremu ya dirisha imechubuka, mfuniko wa tangi la maji umepasuka pembeni. Upande wa bondeni, ukuta ulikuwa mzima. Hata rangi ya mlango wa jiko haikuwa na mkwaruzo. Aliweka rula kando ya kila alama na kupiga picha. Mvua ile ilikuja imelala, ikisukumwa na upepo kutoka mlimani. Ilipiga uso, haikupiga kisogo.

Ndipo akapanda.

Paa lilikuwa na rangi ya peke yake, kitu kati ya maji ya ziwa na manyoya ya njiwa. Bibi alimweleza akiwa amemshikia ngazi: mabaki ya rangi ya geti, mabaki ya chokaa ya bluu, na kopo alilopewa na shoga yake aliyehama, vyote vimekorogwa kwenye ndoo moja. "Dukani huipati," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na majivuno.

Rangi hiyo ya ndoo ilikuwa imekauka ngumu kama ganda la yai. Kila palipobonyea, ilikuwa imepasuka na kubanduka. Inspekta akaelewa kwa nini mkadiriaji aligundua hapa na si kwingine: rangi ya kiwandani hubonyea pamoja na bati, hii ilivunjika na kusema.

Na mabonyeo yalikuwa pande zote mbili. Kisogo kilikuwa kimepigwa sawa na uso. Duara lile lile, upana ule ule, mengi yakiwa ndani ya miraba iliyochorwa kwa chaki.

Aliteremka, akaomba lile bati la akiba. Akaliegemeza kwenye tofali, akatoa nyundo ya Randa mfukoni mwake, akapiga.

"Wewe!" Bibi aliruka. "Hilo nalo limekukosea nini?"

"Samahani, Bibi. Tazama."

Nyundo ilikuwa imeacha kishimo kidogo, kirefu, chenye kingo kali. Mabonyeo ya juu yalikuwa mapana na mafupi kwenda chini, kama kisahani. Hayakutoka kwenye chuma kile. Inspekta alianza kutabasamu, kisha akaona, kwenye kibanda cha useremala pale uani, nyundo nyingine imening'inia: nene, ya mti, ya kugongea patasi. Moyo ukamshuka. Kitu kipana. Kitu kisichokata.

Aliichukua. Akapiga bati mara moja.

Uso wa nyundo ile ulikuwa wa pembe nne, na bati likapokea pembe nne.

Alipumua. "Bibi, siku ile Randa alipanda kufanya nini?"

"Kushusha godoro."

"Godoro gani?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kijiko ni cha nini. "Godoro la paa. Wewe kwenu hamfuniki?"

Alinyoosha kidole. Juu ya ukuta wa ua lilikuwa limeanikwa godoro kuukuu, limefungwa ndani ya turubai la nailoni lililopigwa mpaka likatoboka. Inspekta alilipita mara mbili akidhani ni la kitandani. Sasa alitazama kuta za majirani, na kila mahali aliona magodoro: yenye mistari, yenye maua, yaliyokatwa nusu. Yeye alikaa nyumba ya serikali yenye paa la zege. Mambo haya hakuna aliyemweleza, kwa sababu ni mambo ambayo hayaelezwi, kama vile hakuna anayekueleza kwamba ukilala unafumba macho.

"Wingu likijikunja tu kule mlimani," Bibi alisema, "Randa anapanda, analilaza godoro lake juu ya chumba cha baba yake. Mawe yakipiga bati, mzee anadhani ni vita. Analia, na hawezi kuziba masikio, mkono mmoja umekufa. Basi tunamfunika. Kuna kulabu nne mwenyewe kazipiga, kamba inapita. Asubuhi yake kalishusha, kalianika, kaenda kazini kwake."

"Na Bwana Ngazi alikuja lini?"

"Asubuhi hiyo hiyo, Randa keshaondoka."

Inspekta alikuwa amekwisha kufika katikati ya ngazi.

Alizikuta kulabu zote nne, na alama za kamba kwenye kingo za bati. Kati yake palikuwa mahali ambapo hakuna jiwe hata moja la mvua lingeweza kugusa. Na palikuwa pamebonyezwa vibaya kuliko kwingine kote. Mraba wa chaki ulichorwa katikati kabisa. Pigo moja lilikuwa limeangukia penye msumari, bati likachanika. Chini ya mchaniko ule, beseni.

Alichuchumaa pale, kamera mkononi, na hasira ikampanda. Mvua haikugusa hapa. Na mtu aliyelifunga godoro hapa kwa mikono yake, ili baba yake asilie, ndiye wa mwisho duniani ambaye angepiga hapa. Aliyepiga alikuwa mtu ambaye hakujua. Mtu aliyekuta paa tupu, akadhani mvua imelipiga lote sawa.

"Bibi!" aliita kutoka juu. "Ulimsikia akigonga?"

"Nani, Ngazi? Nilimsikia, du, du, du. Nikamuuliza, mwanangu, unafanya nini huko? Akasema, 'Nasikiliza bati, mama. Linaniambia linaumwa.'" Sauti ya Bibi ilikatika. "Nikacheka. Nikamchemshia chai."

"Hukuwaambia askari?"

"Niliwaambia! Aliyekuwa anaandika akasema, 'Tulia mama, tutakuita.' Bado nimetulia."

*

Bwana Ngazi aliingia chumba cha mahojiano akitabasamu, akasalimia kila mtu mpaka mfagizi. Alikuwa na meno mazuri na viatu safi. Aliweka simu yake mezani bila kuambiwa.

"Picha zote zimo, Inspekta. Mimi kazi yangu haina kificho."

"Nimeziona. Unapiga vizuri. Eleza tu ulichokikuta siku ile kwa yule Bibi."

"Nilipanda, nikakuta paa limechakaa kwa mapigo. Nikaweka chaki, nikapiga picha. Kama ni mvua au mtu, mimi si nabii."

"Mabonyeo yalikuwepo kabla hujakanyaga?"

"Yalikuwepo yote."

"Na juu ya chumba cha uani?"

"Huko ndiko kulikokuwa na hali mbaya zaidi. Kwa kweli nilimhurumia yule mama." Alitikisa kichwa. "Nilidhani ni mvua. Mvua ya mawe haichagui, Inspekta."

"Haichagui?"

"Haichagui hata kidogo."

Inspekta aliweka picha ya kwanza mezani: kulabu nne na mraba wa chaki katikati. Akaweka ya pili: godoro ukutani, turubai limetobolewa na mawe.

"Hili lilikuwa hapa wakati mvua inapiga," alisema. "Limeshushwa asubuhi. Wewe ukaja, ukakuta pako wazi, na kwa haraka zako hukujiuliza lile godoro ukutani limelowa vipi wakati nyumba haivuji."

Tabasamu la Bwana Ngazi halikuondoka mara moja. Lilibaki peke yake usoni, kama mgeni aliyeachwa sebuleni.

"Basi atakuwa yule seremala. Alipolishusha."

"Alifunika kwa mikono yake, akafunua, kisha akapigilia pale pale alipofunika ili mvua isingiziwe? Mwizi gani anaiba kwake na kuacha kitambulisho?"

"Mimi sijui akili zake."

"Zako nazijua. Naomba sanduku lako la vifaa. Konstebo, mpeleke kwenye pikapu. Mguu kwa mguu."

Sanduku lilikuwa na tepu ya kupimia, chaki, kamba, bisibisi. Chini kabisa, ndani ya soksi, palikuwa na nyundo ya mpira, nzito, yenye uso wa duara mpana kama kisahani. Bwana Ngazi alianza kusema ni ya kunyooshea mifereji ya paa. Inspekta hakumsikiliza. Aliipeleka dirishani, akaigeuza taratibu kwenye mwanga. Kisha akaganda.

"Ni nyumba ngapi umezisikilizia bati?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kila mtu alitaka bati jipya!" Bwana Ngazi alifoka ghafla. "Mnajifanya hamjui? Nimewaletea neema! Ni nani aliyelalamika?"

"Mzee mmoja analala kando ya beseni," Inspekta alisema. "Hakulalamika kwa sababu maneno hayatoki sawasawa."

*

Mkuu alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Sawa," alisema hatimaye. "Kijana wa watu tumwachie. Huyu Ngazi tumpe onyo kali. Mambo ya bima ni marefu, Inspekta. Tukiuvuta uzi huu, fulana nzima itafumuka."

"Ifumuke."

"Usinipandishie sauti ofisini kwangu."

Inspekta aliitoa nyundo ya mpira ndani ya mfuko wake wa nailoni, akailaza mezani, uso juu. Mpira ulikuwa mweusi, lakini haukuwa mweusi wote. Vipande vidogo vya rangi vilikuwa vimegandamana juu yake, kimoja juu ya kingine.

"Hii ni ya njiwa, ya ndoo ya Bibi. Hakuna nyingine mjini. Hii nyekundu ni ya mshonaji aliye jirani naye, ameezekewa juzi. Hii ya kijani ni ya mwalimu wa pale kona." Aligeuza nyundo kidogo kwa ncha ya kalamu. "Na hii, Afande?"

Mkuu aliinama. Konstebo mlangoni naye alirefusha shingo, kisha akaona, akajifanya anasoma tangazo la ukutani.

Ilikuwa zambarau.

Mkuu alivuta kiti, akakaa kama mtu aliyeongezewa mzigo.

"Mimi sikujua," alisema.

"Sijasema ulijua."

"Paa langu lilikuwa zima?"

"Hilo jibu analo yeye, na tutamuuliza na kuliandika. Safari hii tutauliza mpaka mwisho." Inspekta aliisogeza nyundo mbele yake. "Kwako aliligonga ukapata bati jipya. Kwa Bibi aliligonga, mtoto wake akapata pingu. Nyundo ile ile, Afande. Nikuachie hapo wewe uchague onyo?"

Mkuu aliitazama ile zambarau. Kisha akavuta karatasi ya kuachiliwa kwa Randa, akatia sahihi, akaisukuma mbele. Akavuta nyingine.

"Na hii ni ya nini?"

"Maelezo yangu," Mkuu alisema bila kuinua macho. "Nikiwa mwenye nyumba. Anza kuniuliza kabla sijabadili mawazo."

"Utasubiri kidogo. Nimrudishe mtu kwao kwanza."

Randa alitolewa mahabusu akiwa ameshika suruali kwa mkono, mkanda wake bado uko kaunta. Inspekta alikuwa amejiandaa kumwomba radhi. Alikuwa na maneno yake tayari, mazuri, ya adabu. Lakini Randa hakumtazama yeye. Alitazama juu ya bega lake, nje ya mlango, ambako mlima ulikuwa umemezwa na wingu la rangi ya risasi.

"Godoro lipo juu?" aliuliza.

"Lipo ukutani."

"Basi tunasimama nini?"

Walikwenda kwa gari la kituo, Konstebo akiendesha kana kwamba anafukuzwa. Walipofika, mtaa mzima ulikuwa juu: watu wameinama kwenye mapaa, kamba zinarushwa, fulani anatukana fundo. Bibi alikuwa amekwisha kuegemeza ngazi na kulivuta godoro mpaka chini yake, peke yake, na alikuwa akilisukuma kwa kichwa. Alipomwona mwanawe hakupiga kelele. Alimpiga kofi dogo shavuni, akauacha mkono hapo kidogo.

"Umekonda," alisema. "Panda."

Randa alipanda, na Inspekta akalisukuma godoro kutoka chini mpaka mabega yakalia. Jiwe la kwanza lilidondoka kwenye mfuniko wa tangi. La pili likampiga yeye juu ya cheo begani. Ndani, Babu alianza kuita kwa sauti isiyo na maneno.

"Ingia ndani, Inspekta," Bibi alisema. "Utaumia."

"Nikiingia nani atashika ngazi?"

Bibi alimtazama, kisha akajitanda kitenge kichwani, akasimama upande wa pili, akashika mguu mwingine wa ngazi. Juu, Randa alipitisha kamba kwenye kulabu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mawe sasa yalikuwa yanaruka uani kama maharage kwenye chungu. Inspekta aliinamisha kichwa na kukaza mikono, akiwaza maswali ya kumuuliza Bwana Ngazi, moja baada ya jingine.

Kamba ya nne ilikazwa, na ndani ya chumba cha uani, kelele za mzee zikatulia.